Ubeti Uliobaki Daftarini

Jumapili, Temeke. Mawingu yametanda tangu adhuhuri na mvua haitaki kunyesha. Nimerudi kutoka harusini Mwananyamala, na chakula cha jioni nimekikataa. Mke wangu anadhani ni tumbo.

Si tumbo. Ni aibu.

Baada ya pilau, vijana waliweka santuri kwenye gramafoni pale uani. Niliitambua fidla kabla sauti haijaingia. Ulikuwa wimbo wa Bi Mgeni, alioutunga na kuuimba zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Bi Mgeni mwenyewe alikuwa ameketi mkekani upande wa wanawake, anakunywa kahawa. Akasema taratibu kwamba huo ni wake.

Binamu yake bwana harusi, mwanamke asiyekosa neno, akamjibu, "Bibi yangu, shikamoo mara mia, lakini huyo mwimbaji ni wa Unguja. Au Unguja nako ni kwako?"

Uani kote watu wakacheka. Kijana mmoja akasoma karatasi ya katikati ya santuri. Ina jina la mpiga fidla tu.

Bi Mgeni akanitazama mimi. Katika wote tuliokuwapo siku ile ya kurekodi, tumebaki yeye na mimi.

Nikainamia kikombe changu.

Nieleze, maana mwalimu hata akistaafu haachi kueleza. Kwa desturi yetu ya pwani, mtunzi hujitaja katika ubeti wa mwisho, kaditama. Huo ndio muhuri wake. Asiyeijua sura yako atakujua kwa ubeti huo. Sasa, upande mmoja wa santuri unabeba dakika tatu na kidogo, na wimbo wa Bi Mgeni ulikuwa na beti tano. Mzungu mwenye mashine hakujua Kiswahili. Alinipa mimi, msomi, kazi ya kushika saa na kuchagua ubeti wa kuondoa.

Niliondoa kaditama. Nilimwambia Bi Mgeni kwamba beti nyingine zina mafundisho, ila huo una jina tu. Akakubali, kwa kuwa nilikuwa mwalimu.

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Ubeti wa tatu ulikuwa na mistari miwili yangu. Nilimrekebishia siku za mazoezi, kisha nikaipenda kuliko ilivyostahili. Ningeweza kuuondoa ubeti huo, wala wimbo usingeharibika. Nilitaka mistari yangu isikike.

Leo imesikika. Nikiwa nimeinama vile vile, vijana walikuwa wakiiitikia neno kwa neno.

Nilipopita kumuaga Bi Mgeni, hakunilaumu. Aliuliza tu, "Mwalimu, ile saa yako bado inakwenda?"

"Inakwenda, Bi Mgeni."

"Alhamdulillahi," akasema, akamgeukia jirani yake.

Nimelitoa daftari la zamani sandukuni. Ubeti upo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, umekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Unaanza hivi:

Kaditama naishia, ni Mgeni binti Kombo,
Atakayeurudia, anitaje kwenye wimbo.

Nimeuimba ubeti huo wote peke yangu, saa mkononi. Haukufika dakika moja.

Sijui ni mara ngapi wimbo huu umerudiwa mijini na mashambani kwa miaka yote hii bila yeye kutajwa. Najua mara moja tu, ya leo, nilipokuwapo na ningeweza kumtaja.

Kesho nyumba ya harusi bado itakuwa na watu, maana fungate ndiyo kwanza imeanza. Nitakwenda na daftari. Nitawasomea kaditama, kisha nitawaambia ile mistari miwili wanayoipenda ni ya nani, na ilikaa mahali pa nani. Yule binamu atacheka tena. Safari hii anicheke mimi.

Saa nitaiacha nyumbani.