Choo cha Bamwana

Jumatatu, 12 Januari 1998

Filimbi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Skauti kumi na wanane, wote wamefika, skafu shingoni, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Shule imefungwa tangu kipindupindu kiingie Katumba, makazi yetu ya wakimbizi wa Burundi. Kundi langu halijafungwa. Sijaona kundi lingine Mpanda nzima linaloweza kupanga mstari hivi kwenye mvua ya El Nino.

Kaya ishirini na mbili leo. Tunakagua choo, shimo la taka, maji ya kunywa. Vyoo sita tu ndivyo vya kuridhisha. Mzee Bernardo hana choo kabisa. Alituonyesha shamba lake la mihogo, akasema choo chake ni kikubwa kuliko cha mkuu wa mkoa. Skauti wakacheka. Wangu mwenyewe, mbele yangu. Nikampa siku saba achimbe. Nikaandika na jina lake kwa herufi kubwa.

Inabidi nimvumilie. Mwanawe Melkiori, fundi baiskeli, amemposa Spesi, binti yangu wa kwanza. Mahari ni tarehe 7 Februari. Mimi na mzee huyu tayari tunaitana bamwana, kama wanavyoitana wazazi ambao watoto wao wanaoana. Bamwana mwenye mdomo.

Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto, na wazee wa hapa wamelichukia hilo miaka yote. Sasa hakuna mkono wowote. Saluti tu. Wazee wameridhika na mimi pia.

Alhamisi, 15 Januari

Anjelina wa darasa la nne amefariki. Jana asubuhi alikuwa anachota maji kisimani, akanipigia saluti ingawa si skauti. Jioni hakuwepo. Nimefundisha miaka kumi na tisa na sijawahi kuzika mwanafunzi kwa dawa ya klorini, bila wimbo, watu wakiambiwa wasogee mbali.

Nimekasirika. Sijui namkasirikia nani.

Mkutano wa kijiji mchana. Bwana afya amepiga marufuku pombe za mtungini. Wazee wetu hunywa mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu wa unyasi, na mirija hupokezanwa kama habari. Mwenyekiti aliuliza nani atasimamia. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza.

Jumatano, 21 Januari

Kazi imefanyika. Tumeingia vilabu vyote vitatu vya pombe. Mitungi imemwagwa na wenyewe, hatukuvunja hata mmoja. Mirija iliyokuwa imechomekwa kwenye kuta tumeikusanya, gunia zima, tukaichoma uwanjani pa shule. Iliwaka kwa dakika chache. Skauti walisimama mstari, wamenyooka. Mrija ni mrija. Yote ilikuwa gunia moja.

Saa kumi na moja Mzee Bernardo alifika, akasimama kwenye majivu. Akayageuza kwa fimbo, mara moja, mara mbili. Akaondoka. Mzee huyo asiposema kitu kuna jambo.

Spesi alikuwa anashona nilipoingia ndani. Hakuinua kichwa.

Jumapili, 25 Januari

Baada ya misa mshenga amekuja. Hakukaa. Mrija wa Mzee Bernardo ulikuwa kwenye gunia lile. Ulikuwa wa baba yake. Tarehe 7 haipo tena, na tarehe nyingine haitatajwa.

Nimemwambia mshenga kwamba ugonjwa hauchagui mrija wa baba wala wa babu. Nilisema kweli na ninasimamia nilichosema.

Mama Spesi hajanipa chakula mkononi leo. Ameweka mezani, akaondoka.

Jumamosi, 7 Februari

Ndiyo ingekuwa siku yenyewe. Ng'ombe wa mahari yuko kwao, anakula majani yao. Spesi alivaa gauni alilojishonea, la bluu, akafagia uwanja wote, akaenda kisimani, akarudi, akalivua. Hakulia. Afadhali angelia.

Toka Jumapili ile ananiita Mwalimu. "Mwalimu, chai." "Mwalimu, wanakuita nje." Wanafunzi mia tatu wananiita hivyo na sijawahi kuumia.

Kaya ishirini leo. Vyoo kumi na tatu vya kuridhisha. Tunakwenda vizuri. Hakuna mgonjwa mpya upande wetu kwa wiki nzima. Naandika hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu hakuna mtu nyumbani wa kumwambia.

Jumatano, 18 Februari

Mshenga tena, safari hii kwa mlango wa nyuma. Ana njia. Kwetu mtu akikosa, huenda na pombe. Bila pombe hakuna msamaha, maneno matupu hayapokelewi. Basi, anasema, nipike mtungi mdogo, niufunike kwa kanga, niupeleke kwa Mzee kimyakimya, tunywe wawili, mambo yaishe. Nani atajua.

Nimekataa. Mimi ndiye niliyemwagisha mitungi ya akina mama wajane wanaosomesha watoto kwa pombe hiyo. Halafu nifunike wangu kwa kanga?

Mama Spesi alisikia yote. Alisubiri mshenga aondoke. Kisha: "Spesi ndiye mtoto wako, au mtoto wako ni filimbi?"

Nilitoka nikahesabu kamba za skauti. Zipo zote.

Ijumaa, 27 Februari

Nilikuwa Mpanda mjini jana kwa kibali cha siku moja cha kutoka makazini, kufuata klorini. Kilomita zote zile juu ya lori nilikuwa na wazo moja, na nimerudi nalo. Naliandika hapa, maana daftari hili halina mdomo.

Niliandika tarehe 21 kwamba yote ilikuwa gunia moja. Uongo. Mrija ule ulikuwa na kipande cha ngozi ya ng'ombe katikati, kimefungwa vizuri, kimeng'aa kwa kushikwashikwa. Niliutoa kwenye gunia. Niliushika. Nilijua ni wa nani, nimemuona nao kwenye kila harusi. Skauti walikuwa wananitazama na nikakumbuka walivyocheka kwenye mihogo. Nikaurudisha.

Ningeweza kuuchemsha kwenye maji. Ningeweza kumpelekea nyumbani auweke darini. Marufuku ilikuwa ya mitungi, haikutaja kuchoma. Kuchoma niliongeza mwenyewe.

Nilikuwa sahihi kuhusu kipindupindu. Kuhusu mrija nilikuwa mtu mdogo.

Jumanne, 3 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Bernardo. Peke yangu, bila sare, bila filimbi. Mikono mitupu, jambo ambalo kwetu ni kama kwenda uchi. Alikuwa kwenye kigoda anamenya mihogo. Aliniacha nimesimama muda wa mihogo minane. Niliihesabu.

Nikasema nimekuja kuomba radhi. Akauliza pombe iko wapi. Nikasema imepigwa marufuku. Akauliza na nani. Nikasema na mimi. Hapo nadhani alitaka kucheka, akajizuia kwa kuinamia kisu.

Mwisho akasema hivi: "Ulinipa siku saba nichimbe choo, bamwana. Mimi mgongo umekwisha, na vijana wangu wapo shambani. Wewe una nguvu ya kumwaga mitungi. Chimba."

Nikauliza futi ngapi. Akaniambia mimi ndiye ninayejua, nimeandika kwenye fomu.

Kumi na mbili. Nimeandika kumi na mbili.

Jumatano, 4 Machi

Futi tatu. Sururu yangu mwenyewe, koleo la shule. Skauti walisikia wakaja wote na majembe begani, wamependeza. Mzee akawafukuza kwa fimbo. Alisema hakuna skauti aliyemkosea. Wakaondoka kwa mstari, angalau.

Yeye ameketi ukingoni, mchana kutwa. Watu wanapita njiani, wanapunguza mwendo. Mwalimu mkuu msaidizi, kiongozi wa skauti, kwenye shimo la choo cha watu. Nimejua leo kijiji hiki kina watu wengi kiasi gani.

Mikono imechubuka. Najisikia vizuri kuliko nilivyotegemea. Kuchimba najua. Mwaka tulipofika hapa, mwaka 1973, palikuwa miombo mitupu na tembo, na nilichimba visiki mwaka mzima nikiwa kijana wa miaka ishirini.

Jumamosi, 7 Machi

Mvua usiku. Ukuta wa upande wa mashariki umebomoka, shimo limejaa nusu. Nilisimama nikiangalia siku tatu zangu zimegeuka supu. Mzee alikuwa amekwishafika na kigoda chake. Alisubiri kuona nitafanya nini.

Nilisogea hatua sita, penye changarawe, nikaanza upya. Nilitamka neno moja la Kirundi ambalo skauti hawaruhusiwi. Mzee alikohoa.

Jumatatu, 9 Machi

Futi nane. Shimo limenipita kichwa, na kutoka chini nilikuwa naona viatu vyake tu, vile vya matairi. Nadhani ndiyo sababu niliweza. Nikaviambia viatu kila kitu. Kwamba niliutoa mrija kwenye gunia. Kwamba nilijua. Kwamba nilikuwa na hasira ya Anjelina na aibu ya mihogo, vyote pamoja, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Viatu havikusogea. Ndoo ya udongo ilikuwa inaning'inia katikati, mimi nimeshika kamba iliyopita juu ya gogo la ukingoni.

Kisha akaongea, taratibu, na si kwa hasira. Siku walipokimbia Burundi baba yake aliingia ndani mara moja tu. Wengine walibeba nguo, sufuria, watoto wa wengine. Baba yake alitoka na mrija. Walimlaumu njia nzima hadi Kigoma. Yeye akijibu kwamba huko waendako kutakuwa na watu, na watu watakunywa, na yeye hatakaa pembeni kama mgeni.

Nilikaa chini kwenye udongo. Baba yangu mimi alibaki kule. Sina chake hata kimoja. Kama ningekuwa na kipande cha ngozi tu.

"Chimba," akasema Mzee. "Jua linakwenda."

Jumanne, 10 Machi

Saa saba nilisikia hatua nyepesi. Ikateremka kamba na birika dogo limefungwa kwenye ndoo, maji ya moto yaliyochemka, na kikombe changu cha nyumbani. Nikaangalia juu. Spesi, amepiga magoti ukingoni, kitambaa cha kichwa kimelowa.

"Data, unywe polepole," akasema.

Data. Baba, kwa lugha yetu. Nilikunywa polepole. Ilinibidi.

Ijumaa, 13 Machi

Futi kumi na mbili. Nilipima kwa kamba ya skauti yenye mafundo, mbele yake, na akapima tena kwa yake. Magogo juu, udongo, nyasi, kifuniko cha mbao chenye mshikio. Nimejenga vyoo vingi vya mfano kwa ajili ya wageni wa wilaya. Hiki ndicho bora. Nasema bila aibu.

Mzee alikizunguka mara mbili. Akaingia. Alikaa humo muda mrefu sana, na mimi nimesimama nje na koleo kama mlinzi wa benki. Alipotoka akanawa kwa maji ya kumiminwa, sabuni, mikono yote miwili, kama kwenye picha ya bwana afya. Hakunipa mkono. Akanipigia saluti, vidole vitatu. Sijui nani alimfundisha.

Mshenga atakuja kesho na tarehe.

Jumamosi, 4 Aprili

Mahari imepokelewa. Ng'ombe mmoja, majembe mawili. Hapakuwa na mtungi. Chai ya tangawizi, kila mtu na kikombe chake alichotoka nacho nyumbani, hata wazee wenye fimbo. Mshenga alishindwa afungue vipi maneno bila pombe, akazunguka wee, mwisho akainua kikombe tu. Ilitosha.

Mzee Bernardo alisimama. Akawaambia wazee kwamba mabamwana wengine huletewa pombe, ikanywewa, na kesho yake imekwisha. "Wangu amenipa kitu ninachokitembelea kila asubuhi." Hawakuacha kucheka. Mama Spesi alicheka mpaka akashika mlango. Nami nilicheka, na safari hii sikuandika jina la mtu.

Spesi alikuwa na gauni la bluu. Padre atawafungisha wiki ya pili baada ya Pasaka.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua zimepungua. Filimbi saa kumi na mbili na nusu. Skauti kumi na saba, mmoja ana malaria. Shule inafunguliwa wiki ijayo, hakuna mgonjwa mpya tangu mwezi uliopita, lakini tunamalizia orodha.

Kaya mpya moja: ya Melkiori na Spesi, nyumba ya matofali mabichi, pembeni ya uwanja wa Mzee Bernardo. Wiki moja na siku mbili sasa tangu wafunge ndoa. Kwetu baba haingii nyumba ya binti aliyeolewa mpaka ukoo wa mume umwite. Nimeingia kila uwanja wa kijiji hiki mwaka huu, nimefunua mitungi ya watu, nimechungulia vyoo vyao. Pale nilisimama njiani.

Nilimtuma Yasinta, kiongozi wa kikosi cha wasichana. Aliingia na fomu. Nilimsubiri kwenye miti, nikijifanya nafunga kamba ya kiatu. Kulikuwa na moshi jikoni. Mtu alikuwa anafagia, nikaujua ufagiaji.

Yasinta alirudi. Uwanja safi. Choo wanatumia cha Mzee. Shimo la taka lipo.

Nilitaka kumuuliza kama Spesi amenenepa au amekonda, kama alikuwa anaimba, kama aliuliza habari zangu.

Nikamuuliza kama maji ya kunywa wanachemsha.

Akasema wanachemsha. Nikaandika, tukaenda kaya inayofuata.