Alhamisi Bila Nyimbo

Mangaung, Bloemfontein
Jumapili, 14 Julai 2019

Mpendwa mjomba Motlalepula,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Mama Lineo na watoto hawajambo huko Perth? Huku baridi imekaza hadi maji yanaganda bombani asubuhi, lakini tunakula, tunalala, na tangu Ijumaa hata huko kulala tunalala kweli.

Simu ya juzi ilikuwa na mikwaruzo, najua ulisikia nusu tu. Mama ni mzima, mjomba. Saratani haijarudi. Nimeanza na hilo ili yaliyobaki uyasome umeketi vizuri na chai yako.

Mwezi uliopita nilikupigia nikilia. Mama alikuwa amekwenda kwenye kipimo chake cha kila mwaka, kama anavyofanya tangu akatwe titi, na picha ikaonyesha doa linawaka kooni. Daktari Oosthuizen akasema huenda ugonjwa umehamia huko, na ikiwa ndivyo, huenda koo likafanyiwa upasuaji na sauti ikapotea. Mama aliitazama ile picha kama nguo ya mtu mwingine.

Mimi, ambaye kazi yangu maabara ni kuchunguza seli za saratani, ndiye niliyeogopa kuliko wote. Uliniuliza picha inawakaje, basi nikueleze. Seli zetu hula sukari. Kuna kimeng'enya kiitwacho heksokinasi, ambacho kila sukari inapoingia huipiga muhuri ili isitoke tena. Katika seli nyingi za kawaida, sukari yenye muhuri ikirundikana, kimeng'enya hupunguza kasi chenyewe. Seli ya saratani inacho kwa wingi, na cha kwake hakisikii breki vizuri, kwa hiyo inakula na kuendelea kula ili ipate vya kujijengea. Ndiyo maana siku ya kipimo mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi kidogo. Inaingia, inapigwa muhuri, inanasa, na penye ulafi panawaka.

Kwa hiyo nilipouona mwanga ule nilikuwa nimeshamzika Mama moyoni.

Tulipokwenda kupanga siku ya kukata kinyama cha kupima, daktari akamgeukia.

“Mama, baada ya sindano, ile saa uliyolala kusubiri picha, ulikuwa unafanya nini?”

“Nililala, daktari. Kimya, kama mlivyoniambia.”

“Kimya kabisa?”

“Kabisa. Ila ilikuwa Alhamisi.”

Wewe unaijua Alhamisi ya dada yako. Saa nane akina mama wa kanisa wanavaa blauzi zao nyekundu na kukusanyika kusali, na yeye ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Kumbe alizianzisha zote pale kitandani kwa sauti ya chini, na kwa kuwa yuko peke yake, akaziitikia pia.

“Si ulikatazwa kuongea, Mama?” nikamuuliza.

“Sikuongea na mtu. Niliongea na Mungu, na yeye hakukatazwa kusikiliza.”

Msuli unaofanya kazi, hata wa koo, nao hula sukari, mjomba, na kimeng'enya chake ni cha aina ile ile inayojaa kwenye saratani. Picha haiwezi kukwambia nani alikuwa anaimba na nani anaumwa. Nimesoma haya miaka yote na hayakunijia. Daktari alicheka, kisha akasema bado hatujui, kipimo kirudiwe. Nafasi iliyopatikana ilikuwa Alhamisi tena.

MaTumelo, kiongozi wa akina mama, aliposikia akaja nyumbani na uamuzi wake mkononi. “Siku hiyo haimbi mtu. Huyu ninamjua, tukianza tu huku, yeye ataitikia huko huko hospitali.” Basi saa nane walikaa kanisani na blauzi zao, na hakuna aliyefungua kinywa. Mimi nilikuwa nje ya chumba cha kipimo nimeshika koti la Mama. Nikawafikiria wale kina mama wamekaa kimya kwa ajili yake, nikalia.

Ijumaa picha ikatoka. Ubongo unawaka, moyo unawaka, na hayo ni ya kawaida. Koo ni jeusi tii. Daktari akapitisha na kamera, hakuna kitu. Nikakaa chini pale pale, na Mama akaniambia ninyanyuke, sakafu ina baridi.

Bibi Dikeledi anakusalimu, anauliza kama huko mnapata unga wa maana. Relebohile, mwanao wa ubatizo, amefaulu mtihani wa nusu mwaka na anataka ujue. MaTumelo naye anakusalimu, japo anasema humjibu.

Jambo moja limebaki. Mama Lineo amemwambia Mama siri yako, kwamba umeomba likizo, na suti nyeusi iko kwa dobi. Mama akasema: “Mwandikie asiirudishe hiyo likizo. Aje vile vile. Suti aiache huko, aje na njaa. Mtu akija kunizika mimi sitamwona. Huyu nataka nimwone.”

Mungu akutangulie njiani mpaka mlangoni kwetu.

Wako akupendaye,
Nthabeleng