Hita ya Gesi Katika Karakana ya Baba

Tlawi, Mbulu,
Manyara.
14 Julai 2024

Mpendwa dada Evelyne,

Shikamoo dada. Mnaendeleaje huko Mafinga, wewe na shemeji John na watoto? Yule mdogo kikohozi kimemwacha? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likishatoka anazunguka shambani kama msichana. Maharage tumeshavuna, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Baridi ya mwaka huu usiulize. Ukungu unakaa hadi watu wanakwenda kunywa chai ya saa nne, na gundi inaganda kwenye kopo kama mafuta ya kondoo.

Hita uliyotutumia kwa basi ilifika salama, haina hata mkwaruzo. Asante sana dada. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka kwanza iwake, na kuwaka kwake kumekuwa na kazi!

Yaliyompata baba mwaka jana uliyasikia kwa simu tu, tena mtandao ukikatika. Ilikuwa asubuhi ya baridi kali. Baba aliingiza jiko la mkaa karakanani, akafunga mlango na dirisha ili gundi ya viti vya kanisa ishike. Mzee Margwe, rafiki yake anayetupigia randa, alikuwa ametoka kufuata chai. Aliporudi alimkuta baba amelala kwenye maranda, haitikii. Akambeba mgongoni mpaka nje kwenye hewa, mzee kumbeba mzee. Kule kituo cha afya walituambia mkaa ulijaza chumba hewa ya sumu ambayo hainuki wala haionekani, na kwamba Mzee Margwe angechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine.

Basi hita ilipofika, baba alifurahi kupita kiasi. "Hii haina mkaa," akasema, "kwa hiyo sasa tunafunga mlango vizuri." Dada, nikajua hajaelewa: gesi nayo ikiwaka kwenye chumba kilichofungwa inaweza kuua vile vile.

Nikamwita Evaline, fundi wa gesi kutoka Mbulu mjini, jina lake linakaribiana na lako. Ni dada mmoja mchangamfu, anacheka kuliko anavyoongea. Mimi nilikuwa nimeshapanga kuining'iniza hita kwenye boriti isituzibe njia. Yeye aliingia, akainua mkono, akagusa mbao za dari bila hata kujinyoosha. Unajua baba alivyoishusha ile dari makusudi ili joto lisipotee.

"Kaka Wilbard," akaniuliza, "unataka kupasha watu joto au kuchoma paa?"

Akasema dari ikiwa chini hivi, hita haining'inizwi kabisa. Tuifunge chini kwenye ukuta wa matofali, mbali na mbao, na juu yake tuweke bati lililoachana na dari ili joto lisipande moja kwa moja kwenye mbao. Tukakubaliana pia kwamba kona ile itakuwa ya gundi tu. Tukitaka kupasua mbao, hita inazimwa kwanza, maana vumbi la mbao linashika moto upesi. Mtungi ukae nje, wima, kwenye kizimba cha nondo.

Hayo yote baba aliyakubali. Lililomshinda ni matundu. Evaline alitaka tutoboe ukuta chini na juu: chini ili gesi ikivuja itoke, kwa kuwa ni nzito na inatambaa sakafuni kama maji, na juu ili hewa iliyotumika ipate pa kutokea. Mtungi nao uwe upande wa pili, mbali na tundu la chini.

Baba akasimama mbele ya ukuta wake. "Ukuta huu nimeujenga kwa mikono yangu. Nani anawasha moto halafu anauita upepo uingie?"

Tulimbembeleza, mimi na mama, bila mafanikio. Evaline akaanza kukusanya vifaa vyake, akisema bila matundu haifungi, hata tumpe nini. Hapo ndipo Mzee Margwe, aliyekuwa akipiga randa pembeni, akavua aproni yake na kuitundika kwenye msumari.

"Hhando, mimi naenda nyumbani," akamwambia baba. "Siku ile nilikubeba, na njia nzima nilidhani nabeba maiti ya rafiki yangu. Sitakubeba tena. Siwezi."

Mimi mwenyewe niliangalia chini.

Baba alimtazama. Kisha akaenda kwenye sanduku la vifaa, akachukua tindo na nyundo. "Rudi uvae aproni yako," akamwambia. "Lakini ukuta wangu hautobolewi na mtu mwingine."

Akatoboa mwenyewe dada, chini na juu, mstari umenyooka kama wa dirisha. Tukaweka wavu panya wasiingie. Evaline alipomaliza kufunga mpira wa gesi alipaka povu la sabuni kwenye maungio yote, na pale kwenye mtungi yakatoka mapovu yanayokua! Ilikuwa inavuja. Akafungua, akabadilisha kibanio, akapaka tena, povu likatulia. Ndipo akawasha. Mama alipiga vigelegele peke yake.

Tangu hapo baba amekuwa askari. Kila jioni anafunga mtungi kwa mkono wake, halafu ananituma nikahakikishe. Juzi mama alikuja na kitambaa chake cha kudarizi akaketi karibu na hita, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Upepo ulipomgusa miguu, akaziba tundu la chini kwa khanga.

"Mama Evelyne, toa hiyo!" baba akafoka. Halafu akavua koti lake, akapiga goti, akamfunika miguu nalo, akarudi kwenye gundi yake kama vile hakufanya kitu. Mama aliendelea kudarizi, lakini nilimwona anatabasamu. Nimeona nikuandikie hilo, maana kwenye simu nisingeweza kulisema.

Wasalimie shemeji John na watoto wote, na usimsahau shangazi Ludovika ukimtembelea Iringa. Baba, mama na Mzee Margwe wanakusalimu sana. Mungu awalinde, awape usingizi mzuri na afya.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda siku zote,

Wilbard