Mlango wa Gari Jeupe

Jumanne, 4 Machi
Naandika kwa mkono wa kushoto, utadhani kuku kaparura. Mtulinga wa kulia umevunjika, goti limeshonwa, kichwa kinavuma kama mzinga wa nyuki. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Nakumbuka nimebeba mapazia ya mteja kwenye keria, baiskeli inateremka vizuri — halafu lami. Katikati hamna kitu!

Jumatano, 5 Machi
Dereva wa pikapu kaja kunitazama. Mtu mzima, analia. Anasema nilirushwa mbele yake, akafunga breki, bampa ikanipata begani. Nikarushwa na nini? Mlango! Gari jeupe limeegeshwa, mtu kafungua ghafla. Muuguzi anasema waendesha baiskeli wengi huletwa hapa kwa sababu hiyo — watu hawatazami nyuma. Sasa nimchukie nani? Huyu dereva kaniletea machungwa.

Ijumaa, 7 Machi
Wifi yangu, mke wa kaka, habanduki hapa. Ananiogesha, ananilisha uji, kanisuka nywele. Kaka akatania kwamba siku hizi hana mke, nimemnyang'anya. Nikacheka, bega likanikumbusha. Wifi hakucheka. Nilipomgusia gari jeupe, akasema nipumzike, maneno yanachosha kichwa.

Jumatatu, 10 Machi
Askari wa barabarani kaja. Gari limepatikana. Mwenyewe, mwanamume mmoja, anasema alikuwa kwenye usukani, aliyefungua mlango ni abiria wake, mwanamke. Akamtaja. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Jina la wifi!

Lakini siku ile wifi alikuwa kazini — kaka mwenyewe kasema. Kwenye gari la mwanamume yule alifuata nini? Na ile haraka ya kushuka? Aliniona pale chini? Alijua ni mimi, akaenda zake? Au labda mwenye gari anamsingizia. Labda ni kichwa changu hiki. Mkono unaonilisha, ndio huo huo? Sielewi. Sielewi kabisa.

Askari atarudi jioni, anataka kuongea na kaka pia.

Wifi kaingia na beseni. Kaweka kiwiko kwenye maji, yasije yakaniunguza. Anauliza, "Wifi, yule askari alikuwa anasemaje?" Nimemwambia angoje, namalizia kuandika. Anangoja. Hajakaa, hajaweka beseni chini, maji yanamwagikia miguu yake. Na huko koridoni namsikia kaka, anasalimiana na mtu —