Uso Uliotoweka Kwenye Trei

Jumanne.

Mama Akinyi alikuja studioni kwangu kutoka Katito na picha ya mwanawe aliyekufa maji ziwani, nyeusi na nyeupe. Ndiyo pekee; negativu, filamu ya kuchapia nyingine, ilipotea. Aliitaka iwe ya kahawia, kama picha za wazazi wake.

Nilimweleza kwamba dawa ya kwanza hufifisha picha na ya pili huirudisha. Lakini uso ulipotoweka kwenye trei, alinishika mkono.

"Bwana, umempeleka wapi?"

Dawa ya pili hunuka kama mayai viza. Leo ilinuka kidogo tu, nikaogopa imeharibika. Niliitumbukiza picha nikiomba kimoyomoyo. Shati likarudi, kisha kidevu, mwishowe macho, kahawia kabisa.

"Erokamano, asante," alisema akilia.

Kesho ataleta ya mumewe. Nayo ni moja tu.