Kioo Chenye Jina la Baba

Mtaa wa Wasubu Vioo,
Shanyin, Kuaiji.
Mwezi wa nane, baada ya kuvuna mpunga.

Mpendwa mdogo wangu Ke,

Hujambo huko Lelang, ng'ambo ya bahari? Wifi yangu hajambo? Ping ameanza kutembea? Na kifua chako je, baridi ya huko imekiacha? Sisi tu wazima. Baba anakula vizuri, ingawa mgongo wake bado una vidonda. Isome barua hii ukiwa peke yako, kisha itie motoni.

Joto lilipokuwa linakwisha, alitujia Mkaguzi Bao na askari wake. Mkononi alikuwa na kioo cha shaba kilichofifia kama jicho la samaki aliyeoza. Kilikuwa katika zawadi ambazo mfalme huwapa wajumbe wa visiwa vya mashariki. Wewe wajua machifu wa huko wanavyovipenda vioo vyetu, hata huzikwa navyo. Basi chifu mmoja alikirudisha, akisema hakimwonyeshi hata pua yake. Ukingoni palikuwa na jina la Baba: "Yan Du wa Shanyin amekisubu kioo hiki."

Nilikigeuza nikatazama mapambo ya mgongoni. Mungu wetu Malkia wa Magharibi ameketi vizuri, joka yuko mahali pake, lakini simbamarara amekunja mkia chini ya tumbo. Ke, nani mwingine duniani humchonga simbamarara kama paka aliyenyeshewa? Baba alikugombeza miaka mingi kwa mkia huo. Nikamtazama. Naye alikwisha kuona.

"Mzee, hiki chako kweli?" Bao akauliza. "Kama kuna mtu ameliiba jina lako na kulipenyeza katika zawadi za mfalme, sema. Tutamfuata hata ng'ambo tukamkate kichwa."

"Changu," Baba akasema.

"Wewe? Unayesifiwa mpaka ikulu?"

"Mtu huzeeka, bwana."

Bao hakuridhika. Akaamuru Baba ayeyushe shaba, asubu kioo kingine palepale, mbele ya mafundi wa mtaa mzima. Kikitoka kizuri, atajua kuna mtu anayekingwa.

Mivukuto niliishika mimi. Shaba ilipoyeyuka, Baba akachota vipande vya bati, askari kasimama begani kwake. Unajua yeye hatumii mizani. Kiganja chake ndicho kipimo. Nikaona vidole vikijifumba, bati likiteremkia ndani ya mkono wa joho lake. Vichache tu ndivyo vilivyoingia chunguni, nawe wajua kioo bila bati la kutosha haking'ai. Nilitaka kupiga yowe. Nikavukuta.

Kalibu ya udongo ilipovunjwa, kioo kilitoka chekundu. Tulikisugua, tukakisugua, wapi! Fundi He, jirani yetu aliyemwonea Baba kijicho maisha yake yote, akapaza sauti: "Yan Du, hicho mpelekee mkeo akakaangie samaki! Ah, nimesahau, marehemu alikuwa na kikaango kizuri zaidi!" Watu wakaangua kicheko. Baba naye akacheka pamoja nao. Hapo ndipo machozi yaliponishinda.

Walimchapa uani. Kalibu zetu zote zilipondwa, hata zile za babu, na jina la Baba limepigwa marufuku kuandikwa juu ya kioo chochote. Siku hizi anasugua vioo vya Fundi He kwa ujira wa wali. Mtaani wanamwita Mzee Kikaango.

Sijui kioo chako kiliingiaje katika zawadi zile. Wala sijui kwa nini uliandika jina lake badala ya lako. Nina hasira nawe, Ke, sikufichi. Lakini usije nyumbani. Bao angali anaulizia habari za mwana wa Yan Du, nasi tunajibu kwamba homa ilikuua njiani. Shangazi Lian amekuvalia nguo za matanga, na akienda sokoni anakulilia hasa, mpaka mimi mwenyewe huogopa. Vioo vyovyote ulivyobaki navyo vyenye jina la Baba, viyeyushe leo.

Shangazi huyo anakusalimu. Nisalimie wifi, na umbusu Ping kwa niaba yangu. Mbingu zikufunike, na njia ya kuja huku isikutamanishe.

Nilimuuliza Baba kama ana neno kwako. Aliendelea kusugua. Kisha akasema: "Mwambie aandike jina lake. Na aongeze bati."

Ni mimi dadako, nikupendaye hata kwa hasira,
Yan Shu