Mistari Niliyoiruka

Mjomba,

Mama mzima, kazi zipo. Salamu zimeishia hapo.

Unaikumbuka ile karatasi ya Kiingereza, ya hisa za kiwanda cha saruji? Nilimtafsiria mama wewe ukiwa kwenye simu. Nilipofika panapoonya kwamba bei inaweza kushuka, na mtu asiweke akiba yote mahali pamoja, ulicheka: “Ruka hayo, mpwa wangu, maneno ya mawakili tu!” Nikaona haya kukubishia, nikaruka. Mama akaweka yote, miaka tisa ya kushona sare za shule.

Sasa bei imeanguka nusu, nawe unamwandikia auze cherehani anunue zaidi, eti ndiyo wakati wa bei rahisi. Huna hata aibu!

Jana nilimwambia mama nilichoruka. Nilitegemea kofi. Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka uzi ukaisha, kisha akasema, “Mjibu wewe. Mimi nitamtukana.”

Basi, cherehani haiuzwi. Hisa tulizonazo hatuziuzi kwa hofu, wala hatuongezi hata moja.

Halafu, Mjomba, mkeo ameniambia hisa zako mwenyewe uliziuza zamani, kabla bei haijaanguka. Ulikuwa unasubiri nini kutuambia?

Mpwa wako, kwa damu tu.